Gari Lililokunywa Mvua ya Taiping

Shemeji yangu Bidin ana vitu viwili ambavyo hataki mtu aviguse: kofia yake nyeusi ya sherehe na gari lake. Kofia ameshanunua ya sita sasa. Gari ni lilelile alilomwolea dada yangu Saodah miaka thelathini na moja iliyopita, jeupe la rangi ya maziwa, lenye pua ndefu na madirisha ya kuzungusha kwa mkono. Amelipa jina la ua, Cempaka. Ukisema "hili gari lako" mbele yake, anakukazia macho mpaka urekebishe kauli.

Mimi ni Kamsiah, mdogo wake Saodah. Nyumba zetu zinatazamana ua kwa ua, na asubuhi nauza wali wa nazi hapo barazani kwangu. Niliolewa mara moja, nikafiwa mapema, sikujaliwa mtoto. Watu husema nina mdomo. Ninao, na siuachi uote kutu.

Bidin alikuwa fundi wa mabomba mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kutafuta maji yaliyopotea chini ya barabara. Aliweza kulaza sikio kwenye lami, akanyamaza dakika mbili, kisha akasema, "Chimbeni hapa," nao wakichimba wanakuta bomba limepasuka. Hadithi hiyo ameisimulia kila karamu, na kila mwaka lami inazidi kuwa nene. Nalisema mapema hili ili mjue lilivyomkera lililokuja kumpata.

Cempaka ndiye gari la maharusi la mtaa wetu. Bidin hatozi kitu. Anamwosha, anamfunga utepe, anavaa kofia, anampeleka bibi harusi kwa wakwe zake polepole mpaka pikipiki zinampita. Amepeleka maharusi arobaini na watatu. Na wote hao, kabla hawajaondoka, nimewarushia mimi mchele wa manjano. Hiyo kazi hapa kwetu ni yangu. Naloweka mchele kwenye manjano usiku kucha, nauanika, nauchanganya na majani ya pandani yanayonukia, yaliyokatwa membamba, halafu narusha konzi tatu: moja kwa maharusi, moja kwa watu, na moja mbele ya gari, pale pale kwenye kioo, kwa sababu safari nayo inataka baraka yake. Nina mkono mzito. Kuna mpambe mmoja alishawahi kupata punje puani.

Balaa lilianza na harusi ya binti wa mwalimu Hashim, ya arobaini na tatu. Mvua ilikuwa imenyesha, lakini hilo si jambo la kutaja. Hapa Taiping mvua haiulizi mwezi. Saa kumi ikipita bila mvua watu wanaanza kuangaliana. Cempaka alikwenda vizuri mpaka barabara ilipoanza kupanda mlima. Hapo maji yaliyokuwa yamejificha chini ya kapeti ya mbele, hakuna ajuaye tangu lini, yakahamia nyuma yote kwa pamoja. Bibi harusi alishuka kwa wakwe vazi lake la nyuzi za dhahabu limelowa kutoka magotini kwenda chini. Bibi mmoja mkongwe wa upande wa mume akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Maskini, woga umemshinda."

Mwalimu Hashim aliacha tu kumsalimia Bidin msikitini.

Kisha ikaja harufu. Ukifungua mlango wa Cempaka kilikupokea kitu kichachu na kitamu kwa pamoja. Bidin alinusa, akafikiri, akaingia jikoni kwa dada yangu, ambaye ndiye mpishi wa tapai wa mtaa mzima. Tapai ni wali wa kunata unaochachushwa kwa hamira na kufungwa kwenye majani, na mwenye kuipika ana miiko yake: hagombani, hasemi ovyo, hanusi kabla ya siku.

"Saodah, umemwaga tapai ndani ya Cempaka."

"Mimi?"

"Nani mwingine anabeba tapai kwenye gari langu?"

"Tapai yangu mimi haimwagiki," Saodah akasema. "Na tangu nizaliwe sijafunga kifurushi kikavuja. Nenda katafute anayevuja humu ndani."

Kwa wiki tatu akawa anamwandalia chai bila kumwambia "karibu chai". Anayemjua Saodah anajua hiyo ni vita.

Bidin akaingia kazini. Alilaza sikio kwenye boneti, akalaza sikio kwenye paa, akalaza sikio kwenye tairi. Sijui tairi lilimwambia nini. Halafu akanunua tyubu nane za gundi ya silikoni akaanza kuziba. Alizunguka kioo cha mbele, kioo cha nyuma, taa, na shina la antena. Alipomaliza juu alilala chali akaingia chini, na muda si muda nikasikia ukelele.

"Saodah! Nimewakamata wezi!"

Saodah hakujibu, maana bado ilikuwa vita. Nikaenda mimi.

"Wezi gani, shemeji?"

"Matundu! Milango yote ina matundu chini. Ubavuni chini kuna matundu. Hata sakafuni! Gari la watu lina matundu kama chujio la nazi, na hakuna mtu aliyeniambia miaka yote hii!"

Akayaziba yote, moja baada ya jingine. Akatoka na silikoni kwenye nyusi, anatabasamu.

Siku hiyo mvua ilinyesha kwa hasira. Asubuhi yake Bidin akaenda kumfungua Cempaka mlango wa dereva, na maji yakamshukia kwenye kandambili. Kapeti ilikuwa inaelea. Alikuwa amegeuza gari kuwa beseni, na beseni lenyewe zuri, halipotezi hata tone.

Sasa hapa lazima nikiri jambo. Asubuhi ile nilitoka sokoni na kambare wawili wazima kwenye ndoo. Bidin aliingia ndani kutafuta kopo la kuchotea maji, akaacha mlango wazi, na mimi mkono wangu ukanituma. Nikamtumbukiza kambare mmoja pale chini penye miguu ya abiria, nikarudi barazani kwangu kupanga majani ya mgomba kwa adabu zote.

Alichota kopo la kwanza, la pili. La tatu likatingishika.

"Lahaula! Kuna kitu kina masharubu!"

Mtaa mzima ulitoka. Walioelewa walicheka mpaka wakakaa chini, na wasioelewa wakaleta fimbo. Kambare nilimpika kwa tui la nazi nikampelekea Bidin bakuli. Akalirudisha bila kulifunua, na kwa siku mbili akawa hanisemeshi. Nilisikitika kidogo. Kambare alikuwa mtamu.

Mwisho wa juma hilo Suraya akaja nyumbani. Suraya ndiye binti pekee wa Bidin na Saodah, mwalimu wa chekechea huko Kuala Kangsar, na yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi wa arobaini na nne. Karamu ya kwetu ingekuwa Ijumaa, na Jumamosi yake apelekwe kwa kina Khalis, mume wake, Kuala Kangsar huko huko, ng'ambo ya ule mlima. Nguo ya harusi ilikuwa ya bibi yake, mama yetu mimi na Saodah, hariri ya zamani ambayo ikigusa maji rangi inatembea.

Akaingia Cempaka, akakaa kiti cha nyuma kujaribu, akainuka. Akajishika nyuma ya sketi.

"Baba, hii ni nini?"

"Unyevu tu, mwanangu. Hali ya hewa."

"Baba, nimelowa mpaka ndani."

"Jumamosi atakuwa mkavu."

"Mjomba wake Khalis ana gari jipya. Amesema atakuja kutuchukua." Akasema kwa upole, na ndiyo iliyouma zaidi. "Sitaki kukuvunja moyo, Baba. Lakini nguo ya bibi ni moja. Nikiona hata tone moja humu ndani, tunakwenda na gari la mjomba."

Bidin akaitikia kwa kichwa, akarekebisha utepe ambao haukuwepo.

Jioni ile, mvua ikimwagika, Saodah akanituma na kikombe cha kahawa, maana kumpelekea mwenyewe alikataa. Nilimkuta Bidin amekaa kwenye kiti cha dereva, miguu ameipandisha juu ya kiti, anatazama maji yanavyodondoka kutoka chini ya dashibodi. Nilikuwa na utani wangu tayari mdomoni.

"Kamsiah," akasema, hakunitazama. "Dada yako nilimleta kutoka kwenu amekaa pale nyuma. Suraya nilimleta kutoka hospitali, ana siku mbili, pale pale. Watoto wa watu arobaini na watatu nimewapeleka. Wangu mimi apelekwe na mjomba wa mtu?"

Utani wangu niliumeza. Nikampa kahawa, nikafungua mwavuli, nikavuka barabara mpaka kwa Arumugam.

Arumugam ni fundi wa mabasi aliyestaafu, na mpinzani wa Bidin katika mchezo wa dama. Bidin alikuwa ameapa kwamba mtu anayehamisha kete wakati mwenzake anapiga chafya hatamgusa Cempaka. Arumugam alijua kiapo hicho. Asubuhi akaja hivyo hivyo, na sanduku la spana, akachuchumaa, akatazama chini ya mlango. Akatazama sana.

"Mzee, nani ameziba haya?"

"Mimi," Bidin akasema, kifua mbele. "Yalikuwa yanaingiza maji."

"Yalikuwa yanatoa maji! Umemziba mgonjwa njia ya haja!"

"Miaka thelathini nimeziba maji, Arumugam."

"Ndiyo ugonjwa wako. Bomba unalizuia lisitoe. Gari unaliacha litoe! Maji yanaingia kwenye mlango kila siku ya Mungu, yanateremka na kioo, yanatokea chini. Sasa wewe umeyawekea makazi." Akanigeukia. "Nasikia mpaka samaki walishahamia."

Nikajitia kutazama mawingu.

Waling'oa viti na kapeti. Kapeti ilianikwa kwenye kamba yangu ya nguo, na harufu yake ikanifukuzia wateja. Wakafuta sakafu mpaka ikakauka kabisa. Kisha Arumugam akasema anataka poda, nyingi, ya kunyunyiza ndani chini ya dashibodi na kando zote, ili maji yakipita yaache njia yake.

Poda iliyokuwepo ilikuwa ile ya mchele, vidonge vyeupe vilivyokaushwa, ambavyo Saodah alikuwa ametengeneza mwezi mzima kwa ajili ya uso wa bibi harusi. Bidin na Arumugam walisimama mlangoni pa jikoni, hakuna anayetaka kuanza. Saodah akatoka na chupa mwenyewe.

"Chukueni," akasema. "Mwanangu ana sura nzuri hata bila poda. Mwenye sura mbaya ni huyu mwingine." Haikueleweka kama ni gari au mume.

Nikatwanga, tukanyunyiza. Bidin ndiye aliyepewa kuingia chini ya dashibodi na tochi. Ana miaka sitini na minne na tumbo lake nalo si la jana. Alilala chali, kichwa kwenye pedeli, miguu imetokeza mlangoni, soksi moja imetoboka. Mimi nikashika mpira wa maji.

"Chini kwanza," Arumugam akaniamuru. "Polepole. Ukianzia juu kila kitu kitalowa, hatutajua nani mwongo."

Nikamwagia matairi, dakika kumi. "Unaona kitu?" "Naona giza." Nikamwagia milango. Mlango wa nyuma wa kushoto ukapitisha uzi mwembamba wa maji penye mpira uliokufa, Arumugam akapiga alama ya chaki. Nikamwagia kioo cha mbele, juu, kushoto, kulia. Kukavu.

"Hiyo silikoni yangu!" sauti ikatoka chini. "Andikeni hiyo!"

Ukabaki ule mstari wa matundu membamba chini ya kioo, mwisho wa boneti, panapoingilia hewa. Nikaelekeza mpira hapo. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ile miguu ikarusha teke.

"Imenipata! Zima! Zima! Imeingia mdomoni!"

Nikachelewa kuzima. Kidogo tu.

Bidin akatoka kinyumenyume, uso mweupe wote kwa poda, na katikati, kutoka kwenye paji mpaka kidevuni, mstari mmoja wa maji. Alikuwa anatafuna ulimi.

"Ni chachu," akasema. "Maji gani haya ya kuchacha?"

Arumugam akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. "Tena ya manjano."

"Kutu hiyo."

"Kutu ni nyekundu, mzee."

Mimi nilikuwa nimeona ule mstari, na rangi ile naijua. Naiona kwenye kucha zangu kila msimu wa harusi.

Arumugam akafungua boneti, akafungua skrubu za kile kifuniko chini ya kioo. Chini yake kuna mfereji unaopokea maji ya mvua na kuyapeleka pembeni, kila upande kuna mdomo mdogo wa mpira wa kuyatoa. Ndivyo alivyotueleza baadaye. Wakati ule hakuna aliyeuona mfereji wowote. Ulikuwa umejaa, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yanamwagikia ndani. Arumugam akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa bonge. Lilikuwa la manjano, linanata, lina vijani vyembamba vilivyooza, na lilitoa harufu iliyofanya jogoo wangu ainue kichwa.

"Ndege," nikasema haraka. "Ndege hao wanajenga viota."

Saodah alikuwa ameshafika. Akainama juu ya ule mkono, akanusa, akafunga macho, akanusa tena kama anavyonusa vifurushi vyake siku ya tatu.

"Hii ni tapai," akasema. "Mbaya, imepikwa na mtu asiyejua. Lakini ni tapai." Kisha akamgeukia mumewe. "Wiki tatu, Bidin. Wiki tatu umeniambia mimi ndiye niliyemwaga."

Bidin, na uso wake mweupe wenye mstari, akainamisha kichwa. "Nilipotea," akasema.

"Ulipotea wapi?"

"Nilipotea kabisa."

"Karibu chai," Saodah akamwambia, na vita ikaisha hapo. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Ndege wa wapi anayepaka mchele manjano?"

Sikuwa na pa kukimbilia, mpira wa maji bado nimeushika. Arumugam akaanza kupiga hesabu kwa vidole vinavyonata. "Konzi moja kwenye kioo, mara harusi arobaini na tatu. Mvua inaloweka, jua linapasha, mvua inaloweka..." Akashindwa kumaliza. Alikaa juu ya tairi la akiba akacheka mpaka akatoa machozi, akajipangusa kwa mkono uleule, akajuta.

Bidin hakucheka. Alininyang'anya mpira wa maji.

"Yaani wewe," akasema, "uliyeniwekea kambare, ndiye uliyenichimbia bwawa."

Walitoa ndoo mbili. Ile mifereji ikaoshwa, midomo ya mpira ikapitishwa waya wa breki ya baiskeli mpaka maji yakakimbia. Mpira wa mlango ukabadilishwa. Bidin akalala tena chali na msumari, akafungua matundu yake yote moja baada ya jingine, na kila moja alilisemesha maneno ambayo sikuyasikia vizuri na ni afadhali. Zile ndoo mbili nilizimwaga nyuma kwangu bila kufikiri, kuku wakala. Siku nzima walitembea upandeupande, na jogoo akawika saa nane mchana akimwelekea bata.

Alhamisi mvua ikaja, ile ya kuziba upande wa pili wa barabara usionekane. Suraya akatandika magazeti ndani ya Cempaka, sakafuni na vitini, akakaa ndani na baba yake saa nzima. Sisi tulisimama barazani tukingoja. Walipotoka, Suraya alikuwa ameshika gazeti juu ya kichwa, na gazeti lilikuwa linapiga kelele kwa ukavu.

"Mpigie mjomba wa Khalis," akamwambia mama yake. "Mwambie asijisumbue."

Bidin akapenga pua yake kwa leso, akasema poda bado inamwasha. Kisha akaweka sheria. Alisema mbele ya wote, tena bila ubaya.

"Mchele basi. Usiguse gari tena. Kamsiah, umenielewa?"

"Nimekuelewa, shemeji."

Niliitika kwa sauti ya kawaida, lakini niliumia. Alikuwa na haki, na mwenye haki huwezi hata kumkasirikia vizuri. Mimi sina binti wa kumvisha wala wa kumlilia. Maharusi arobaini na watatu wa mtaa huu nimewasindikiza kwa konzi zangu tatu, na kila mmoja kwa dakika ile alikuwa wangu. Sasa anaondoka huyu niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kutukana kwa Kichina, na mimi nisimame mikono mitupu. Usiku wa Alhamisi niliuloweka mchele hata hivyo. Nilijiambia ni wa kula.

Jumamosi mvua ilianza mapema, kana kwamba imealikwa. Maharusi wakapitishwa chini ya miavuli minne mpaka ndani ya Cempaka, hariri ya mama yetu imeinuliwa juu na wapambe wawili. Khalis akaingia upande wake. Hakukuwa na nafasi ya konzi ya maharusi wala ya watu. Kila mtu alikuwa anakimbia. Milango ikafungwa, madirisha juu, na ndani nikaona wamekaa wakavu, weupe, wazuri. Bidin alikuwa ameketi wima nyuma ya usukani, kofia mpya, ya sita, anatazama mbele kama mkuu wa gwaride. Sijawahi kumwona mtu ana furaha nzito namna ile.

Nilikuwa nimesimama getini na mwavuli, bakuli langu nimelifunika kwa kitambaa. Nilimwambia Saodah nimelishika tu.

Cempaka akanikaribia polepole. Ikapita pua, ukapita mlango wa mbele. Kisha nikasikia sauti ya Suraya ndani.

"Baba, simama."

"Nini? Kuna maji?"

"Simama tu."

Akasimama. Na mle ndani, dirisha la nyuma likaanza kushuka, kwa mkono, nusu duara, nusu duara, linalia kama linavyolia miaka yote. Mvua ikaingia moja kwa moja. Suraya akatoa mkono wenye hina mpaka kwenye kiwiko.

"Mama mdogo, mchele wangu uko wapi?"

"Funga dirisha!" Bidin akapiga kelele. "Nguo ya bibi! Suraya! Maji!"

"Wenzangu wote waliupata, Baba," Suraya akasema. Matone yalikuwa yanamwangukia begani, na pale yalipoanguka rangi ya hariri ilikuwa imeanza kutembea. "Mimi ndiye nikose?"

Mimi nilikuwa nalia, nalisema wazi, na mkono uko tayari ndani ya bakuli. Nikamtazama Bidin. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anapumua. Wiki nne za gundi, magazeti, poda mdomoni. Halafu akainama, akashika kishikio cha dirisha lake, akalizungusha mpaka chini.

"Haya, rusha!" akasema kwa ukali. "Lakini rusha ndani. Ndani, Kamsiah! Ole wako uguse mbele."

Nikatupa mwavuli. Konzi ya kwanza ikamwangukia Suraya kifuani na Khalis kwenye miwani. Ya pili nikairusha juu, kwa watu. Ya tatu, kwa mkono wangu uleule mzito, ilimpata Bidin sikioni na chini ya kofia, na punje nyingine zikamteremkia ndani ya shati.

Hakuzitoa. Akatia gia, akaenda zake mvuani, madirisha yote yako wazi.